Kabla ya Bei, Uliza Maji Yatatokea Wapi

Hotuba kwa vijana wa vikundi vya ufuoni, wavuvi na wazazi, iliyotolewa Tudor, Mombasa

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliotoka ufuoni moja kwa moja mkaja hapa, asalaam aleikum na habari za jioni.

Mmeniita niwaambie kayaki ipi inunuliwe na ipi iachwe dukani. Najua vikundi vingine vimeshachanga pesa, na picha zimeshazunguka kwenye simu: ya manjano, ya buluu, yenye kiti cha kuegemea, yenye mahali pa kusimika fimbo za kuvulia. Sitaanza huko. Nitaanza na maji, kwa sababu ubaya mwingi wa vyombo hivi huanza na maji yaliyoingia mahali yakakosa njia ya kutoka. Kabla hamjauliza bei, ulizeni maji yataingilia wapi, yatakaa wapi na yatatokea wapi. Mwenye kujibu hayo ameshachagua nusu ya chombo chake.

Kayaki ilizaliwa mbali na sisi, kwenye barafu ya Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska, kwa Wainuit na jamaa zao. Waliiunda kwa miti iliyotupwa ufuoni na bahari na kwa mifupa, wakaivika ngozi ya sili. Ilikuwa nyembamba, upana wa nusu mita hivi, ikapimwa kwa mwili wa mwenyewe. Kule maji huua kwa baridi, kwa hivyo mwindaji alijifunga kiunoni pamoja na chombo ili tone lisipite. Kulowa kulikuwa ndio hatari yenyewe. Hapa kwetu bahari ina nyuzi kama 25 wakati wa kusi, upepo wa kusini, na hufika 29 au zaidi ifikapo Machi. Kulowa hakumuui mtu Mombasa. Yanayotuua ni mengine: jua, upepo wa alasiri, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanayotoka kwa kasi kwenye mlango wa mwamba wa matumbawe, na chombo kilichojaa maji tumboni bila mwenyewe kujua. Chombo kizuri cha Greenland si lazima kiwe chombo kizuri cha Nyali, na hilo msimwachie muuzaji alisahau.

Basi madukani mtakuta koo mbili. Ukoo wa kwanza ni kayaki ya kukalia juu. Imefungwa pande zote, ndani ni hewa tupu, na wewe waketi juu ya sitaha. Penye miguu na nyuma ya kiti mna matundu yanayopenya kutoka sitahani mpaka chini kabisa. Mtu akiyaona mara ya kwanza hushtuka, chombo gani hiki kimetobolewa makusudi? Lakini matundu hayo hayaingii tumboni. Kila moja ni bomba lililounganishwa juu na chini, na bahari hupita humo bila kugusa ndani. Sitaha iko juu kidogo ya usawa wa bahari, kwa hivyo wimbi likikumwagia maji, yanashuka yenyewe mpaka yalingane na bahari ya nje. Hakuna pampu, hakuna kukumba maji kwa kopo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Maji hushuka mpaka usawa wa bahari, hayashuki zaidi. Ukikipakia chombo kikadidimia hata sitaha ikawa chini ya usawa huo, matundu yaleyale hugeuka milango ya kuingilia, na utakaa ndani ya maji safari nzima. Tuchukue kayaki iliyoandikwa kilo 150. Wewe una kilo 85. Nanga, kafi, jaketi, maji ya kunywa na kisanduku cha barafu vinafika 20. Hapo ni 105, na chombo kinakwenda vizuri. Ukivua kilo 25 za samaki unarudi na 130, na utasema bado hujafika 150. Lakini ile 150 ni kipimo cha kuelea, na kuelea peke yake hakukufikishi. Mimi husema ishieni theluthi mbili ya kilichoandikwa, na mkizidi sana, asilimia 70. Mwenye mwili mkubwa asione haya kununua chombo kikubwa. Haya zaidi ni kumwona mtu mzima kaketi kiunoni mwa maji akidhani kayaki yake inavuja, kumbe haivuji hata kidogo.

Kuna vizibo vya kuzibia matundu hayo, navyo huuzwa kama mapambo. Kwenye hori tulivu, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, asubuhi, ukitaka kukaa mkavu, ziba. Ukienda penye wimbi, fungua. Ukiyaziba kisha wimbi likakujazia sehemu ya miguu, maji yale hayana pa kwenda, na wimbi la pili litakukuta umeshalemewa. Na hapa Tudor, kama kule Mtwapa, matope ya mikoko na majani huziba matundu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwani hufanya vivyo hivyo ndani ya mwamba. Kabla ya kushua, yaani kushusha chombo majini, pitisheni kidole kila tundu. Ni kazi ya nusu dakika.

Jambo la kusikitisha ni magari madogo ya magurudumu mawili, yale yenye nguzo mbili zinazochomekwa ndani ya matundu ili kayaki ivutwe mchangani. Uzito wote wa chombo huketi kwenye kuta za mabomba yale, na kuta zile ndizo nyembamba kuliko mahali pote. Zinapata ufa. Ufa huo hauonekani ukisimama nje, kwa kuwa umo ndani ya tundu, na kuanzia siku hiyo maji yanaingia tumboni kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Kayaki za kukodisha, zinazovutwa kutwa mara nyingi, huvuja hapo kuliko pengine popote. Nunueni gari la kubebea chombo kwa mikanda, au bebeni watu wawili, mmoja omo, yaani mbele, na mmoja shetri, yaani nyuma.

Na tumbo likishapata maji, hatari inabadilika sura. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ya chumvi inazidi kidogo. Fikirini mitungi miwili ya lita ishirini, ile ya njano mnayoijua, imemwagwa ndani ya kayaki iliyofungwa. Ni kilo 40 zinazolala kimya mpaka chombo kiiname. Kikiinama kulia, zote zinakimbilia kulia, na kuzidisha kule kuinama. Mzigo uliofungwa haufanyi hivyo. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ikipangwa chini inasaidia chombo kurudi wima. Maji yaliyo huru hufanya kinyume, hukisukuma chombo palepale kinapoanguka.

Hili limezamisha vyombo vikubwa mno. Nje kidogo ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, feri Herald of Free Enterprise iliondoka milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, yakatambaa upande mmoja, na feri ikalala ubavu kwa dakika chache. Watu 193 walikufa. Nasi wa Mombasa hatuhitaji kwenda Ubelgiji ili tujue chombo kilichozidiwa hufanya nini. Feri ya Mtongwe ilipinduka 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Humu ndani mna waliofiwa siku ile, na ninaitaja kwa heshima yao. Feri na kayaki ya mita tatu zinatii kanuni ile ile ya uzito na maji.

Kwa hiyo kila kayaki ya kukalia juu ina kizibo kimoja, mara nyingi shetri, cha kutolea maji ya tumboni. Baada ya safari, fungueni, inueni upande wa pili, mwage. Vijiko vichache vya maji ni kawaida. Yakimwagika ya kujaza ndoo, chombo hicho hakiendi tena majini mpaka ufa upatikane. Andikeni daftarini ni kiasi gani kilitoka kila siku, kwa sababu kinachoongezeka wiki hadi wiki kinakuambia ufa unakua. Kisha msisahau kurudisha kizibo. Wako watu waliosukuma majini chombo kizima, kisicho na ufa wowote, kikazama kwa sababu kizibo kilibaki mchangani. Mpira wake mdogo ukichakaa, badilisheni, na wekeni wa akiba ndani ya jaketi.

Kuna kuingia kwa maji kwingine ambako kwetu hutokea sana, kwa ajili ya joto. Kayaki imeachwa juani Bamburi saa tatu nzima, imefungwa barabara. Hewa ya ndani imepata moto, imetanuka, ziada imepenya kwenye vifuniko ikatoka. Unaishusha baharini. Maji yanaipoza, hewa iliyobaki inanywea, na tumbo linaanza kunyonya kutoka nje kupitia mwanya wowote ulio karibu na maji. Ndiyo maana mtu husema chombo chake hakivuji nyumbani lakini baharini kinavuja. Fungua kizibo au kifuniko kabla ya kushua, kiache kipumue, mwagia maji sitaha ipoe, kisha funga. Nitashukuru mkibeba hili moja tu kwenda nalo nyumbani, maana ni la bure. Na wekeni vyombo kivulini. Jua hula plastiki, na moto wa mchana huilainisha mpaka kitako kinabonyea pale kilipoegeshwa.

Ukoo wa pili ni kayaki ya kuingia ndani, miguu ikiwa chini ya sitaha. Hii ndiyo mtoto halali wa ile ya Greenland. Iliyo kamili ina kuta za ndani, moja mbele ya miguu na moja nyuma ya kiti, na vyumba vilivyofungwa omo na shetri. Ikipinduka, panapojaa ni pale pa kukalia tu, na vyumba viwili vinaendelea kuibeba. Mwenyewe anavaa sketi ya kuzuia maji, anabeba pampu ya mkono na sponji, na amefundishwa kutoka akiwa kichwa chini. Ni chombo kizuri sana kwa aliyejifunza. Kwanza kinakinga miguu na jua.

Ila kuna mdogo wake ninayemwogopa: ile fupi, ya bei nafuu, ya kuingia ndani, isiyo na ukuta hata mmoja. Ikipinduka inajaa kuanzia omo hadi shetri, lita mia na zaidi. Mtu mmoja hawezi kuikumba akiwa ndani ya maji, na akijaribu kupanda inazama zaidi. Kwenye bwawa la kuogelea haina neno. Nje ya mwamba, au hata katikati ya hori maji yakipwa, wazee wangu, mzuieni mtoto wenu. Ile ya kukalia juu ikipinduka, unaigeuza, unajivuta kifudifudi juu yake, unageuka na kuketi, na maji yameshatoka yenyewe. Kwa kikundi kitakachokodisha wageni wasiojua kitu, sioni hoja ya kununua nyingine.

Tuje kwenye uthabiti. Mtu akipanda kayaki dukani, au kwenye maji yaliyolala, anatikisa kiuno na kusema, hii imetulia. Anayoisikia pale ni aina moja tu, ile ya chombo kilichokaa wima. Kayaki pana yenye kitako bapa inayo hiyo kwa wingi. Aina ya pili huja chombo kinapoinama: je, kinashikilia, au kinafika mahali kinaanguka ghafla? Chenye kitako cha mviringo au cha umbo la V chepesi hutikisika mwanzoni, kisha kadiri kinavyolala ubavu ndivyo kinavyokaza. Na kile bapa hufuata uso wa maji. Wimbi la ubavuni likiinua maji, nacho kinainama sawasawa na mteremko wa wimbi, na wewe pamoja nacho. Ndiyo sababu chombo kilichoonekana imara kama nyumba kwenye hori kinakwenda mrama ukitoka kidogo tu.

Wavuvi mnaelewa haya kuliko mimi, kwa kuwa mmekulia kwenye ngalawa. Ngalawa ni mti mwembamba usioweza kusimama wenyewe chini ya tanga, ikapewa matengo, yaani mbao za kuegemea majini, pande mbili. Upana wake uko mbali na mwili wake. Kayaki haina matengo, hivyo uthabiti lazima utoke kwenye kitako chake au kwenye kiuno chako. Za kuvulia huwa na upana wa sentimita 80 hadi 90 na zaidi, nyingine na kitako cha mihimili miwili, ili mtu aweze hata kusimama. Lakini tazameni kiti. Kiti cha kuinuliwa kinapendeza mgongo, nacho kinapandisha uzito wako wote juu, na sentimita chache tu zinatosha kukila kile ulichokinunua kwa upana. Anayeanza aketi chini. Kisanduku cha barafu na nanga vikae chini na katikati, na vifungwe.

Upana nao una gharama. Kayaki ya mita 3, hata ukiipigia makafi mpaka mikono iwake moto, mwendo wake hugota kwenye kilomita 7 au 8 kwa saa, na ya mita 5 hufika 10. Hakuna anayedumu na kasi hizo. Mtu wa kawaida huenda kilomita 5 kwa saa, chini ya hapo kwenye upepo. Sasa piga hesabu. Kusi imeanza kuvuma tangu Aprili, alasiri imekaza, maji ya bamvua yanapwa kwa tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa, na hayo yote yanataka kutokea kwenye milango michache ya mwamba. Kayaki fupi na pana, nzuri ya kukaa, haina nguvu ya kurudi. Uthabiti wake haukusaidii kitu ukiwa unapelekwa.

Basi kwa maji yetu nasema hivi. Kwa mikoko ya Tudor na Mtwapa, na kwa wageni, ya kukalia juu, mita 3 hadi 3.5, upana wa sentimita 75 hadi 80. Ile ya kujaza upepo iacheni kwa hori la mikoko. Chaza walioshika mizizi ni visu. Kwa kuvua ndani ya mwamba, mita 3.5 hadi 4, nayo ya kukalia juu, yenye usukani mdogo wa mguu kama pesa inaruhusu, kwa maana upepo wa ubavuni hukuzungusha omo na kukuchosha upande mmoja. Mkumbuke kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ina sehemu isiyovuliwa kabisa. Kayaki haitoi ruhusa. Nje ya mwamba ni mita 4.5 kwenda juu, nyembamba, yenye vyumba vilivyofungwa, kwa aliyefunzwa na asiye peke yake, na wakati wake mzuri ni matlai, majira ya kati ya kusi na kaskazi, kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika. Mkondo wa Likoni msiuweke kwenye mpango wowote. Meli inayoingia Kilindini haiwezi kusimama kwa ajili yenu, na feri zinakatisha kutwa. Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa, halifungwi nyuma ya kiti.

Wengi wenu mtanunua za mitumba, na sina ubaya nazo. Pelekeni tochi na maji ya sabuni. Ingizeni tochi tumboni gizani. Ufa wa bomba utaonyesha mwanga ndani ya tundu. Kisha funga kila mahali, puliza hewa kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, mwenzako apake povu la sabuni kwenye matundu na kwenye kitako, na mtazame panapotoa mapovu. Mkikuta kiraka cha faibaglasi juu ya plastiki, shusheni bei au ondokeni. Mafundi wetu wa boti ni hodari wa faibaglasi, lakini haishiki kwenye plastiki ya kayaki, wala gundi ya kawaida haishiki. Plastiki ile inachomelewa kwa joto, kwa ufito wa plastiki ya aina ileile, na ndani ya bomba ni kazi ngumu hata kwa anayeijua.

Halafu iingizeni majini kabla ya kulipa. Aketi yule mzito kuliko wote kikundini, pamoja na mtungi wa maji uliojaa badala ya samaki, akae nusu saa. Mtazame maji yanasimama wapi kwenye sitaha. Mpindueni makusudi, ajaribu kupanda mwenyewe. Mwisho fungueni kizibo cha shetri, mwone kinachomwagika. Muuzaji akikataa hilo, msibishane naye, tafuteni mwingine.

Wenye kayaki nyumbani, zileteni Jumamosi asubuhi, maji yatakuwa mafu, hayajai wala kupwa sana, na hori limetulia. Leteni na vizibo vyenu, vilivyochakaa pia. Anayetaka kuuliza juu ya watoto na uzito wao aje mbele sasa, tuanze na yeye.